Rambirambi za Laptop ya Ujiji

Nikodemu alikuwa amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa pale Kibirizi, anakula muhogo wa kuchoma kwa pilipili, wakati mchumba wake Leonia alipomtajia ile laptop.

"Ni ya gemu," Leonia alisema huku akigeuza dagaa wa mama yake juu ya chanja. "Kibodi yake inawaka taa za rangi. Mwenyewe ni mtu wa Ujiji, anaitwa Eliakimu, ana kibanda cha kuchezesha watu. Ila wanasema hajui kuitumia. Picha zinakwamakwama mpaka wachezaji wanatukana."

Nikodemu akaacha kutafuna. Waliomzoea walijua kwamba taya zake husimama kwa mambo mawili tu: akimwona askari, na akisikia kuna mtu ana kitu kizuri asichokijua thamani yake.

"Eliakimu," alirudia kwa upole, kama anayejifunza jina la mtoto mchanga.

"Eliakimu. Ukishuka kuelekea ziwani, kabla hujafika kwa wauza mawese."

Sasa tusimwonee mtu. Nikodemu hakuwa mwizi. Mwizi huchukua kitu mwenyewe akiwa hayupo. Nikodemu alichukua mwenyewe akiwepo, tena akimshukuru na kumsindikiza. Alikuwa na meza yake mtaa wa Mwanga, chini ya mwavuli, na kibao kilichoandikwa "Daktari wa Kompyuta na Simu. Tunafufua." Na kweli alifufua. Siri ya ufufuo wake ilikuwa kwamba mgonjwa hakuwa amekufa. Mtu alileta kompyuta nzima yenye mafua kidogo, Daktari akaizimisha kwa ujanja wake, akatangaza kifo, akainunua kwa bei ya chuma chakavu, na wiki iliyofuata mashine ileile ilikuwa inacheza muziki kwa mtu mwingine.

Safari hii, hata hivyo, hakuitaka ya kuuza. Aliitaka yeye mwenyewe, na sababu yake ilikuwa na jina: Mama Veneranda. Huyu alikuwa mzazi wa Leonia, mwanamke wa dagaa anayejulikana kuanzia Kibirizi mpaka Kagunga, na hakuna mtu aliyewahi kumpunja akarudi kusimulia. Alikuwa amemsimamisha Nikodemu mbele ya wanawake wenzake na kumwambia, "Wewe kijana, kila siku ofisi, ofisi. Mashine kubwa, mashine kubwa. Mimi sijaiona. Jumamosi nakuja Mwanga. Nikute chumba, nikute mashine yako mwenyewe. Nisipokuta, yule wa Simbo mwenye michikichi naye anajua njia ya kuja kuposa."

Chumba kilikuwa kimeshapatikana. Fundi cherehani mmoja alikubali kumwazima chake kwa siku moja, mradi asiguse vitambaa vya wateja. Mashine ndiyo haikuwepo. Na isemwe wazi kwamba Nikodemu alimpenda Leonia kikwelikweli. Huo ndio ulikuwa ukweli wake pekee, na kwa kuwa hakuzoea kubeba kitu cha namna hiyo, ulimnyima usingizi.

Kesho yake alikuwa Ujiji.

Kibanda cha Eliakimu kilikuwa na mabenchi mawili, televisheni moja ukutani, na bango lililosema hakuna kukopa na hakuna kutema mate. Kilikuwa kimejaa, kwa sababu zilikuwa siku za mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, mitumbwi inapumzika, na wavuvi wa pwani nzima wanabaki na mchana mrefu usio na kazi. Eliakimu alizipenda siku hizo kuliko sikukuu. Alikuwa mnene, mwenye macho ya usingizi na maneno ya polepole, lakini saa yake ya ukutani ilikimbia kuliko saa nyingine zote za Ujiji, hivyo aliyelipia nusu saa alishangaa imekwishaje.

"Shikamoo, mzee Eliakimu."

"Marahaba. Kama unataka kucheza, foleni inaanzia pale kwa yule mwenye kofia."

"Sichezi, mzee. Nilikuwa napita tu, nikasikia mashine inalia."

Eliakimu akaitazama laptop. "Mbona mimi sisikii?"

"Hutasikia. Mpaka uwe umesomea." Nikodemu akainama karibu na sikio lake, akatazama nyuma kwanza, kisha akashusha sauti. "Hii mashine wameifunga kiwandani. Prosesa yake, yaani huo ubongo wake, imewekewa kizuizi isile umeme kupita kiasi fulani. Wanaogopa joto. Wewe umenunua fahali, mzee wangu, ila wamekupa akiwa amefungwa miguu."

"Kwa nini wafunge kitu walichoniuzia mimi?"

"Ndiyo dunia hiyo."

Cha ajabu ni kwamba yote hayo yalikuwa kweli. Nikodemu alikuwa amegundua zamani kwamba ukweli ukisemwa kwa kunong'ona, huku unatazama mlangoni, unauzika vizuri kama uongo.

"Na wewe unaweza kuifungua?" Eliakimu aliuliza.

"Naifungua. Naiongezea umeme, halafu naipa ubaridi wa kutosha ili umeme huo usiichome."

"Kwa bei gani?"

Nikodemu akaweka mkono kifuani. "Mzee, wewe ndiye mteja wangu wa kwanza Ujiji. Nikichukua hela kwako nitakuwa mtu wa namna gani? Nitafanya bure. Ukiridhika utanitangaza."

Neno "bure" lilipotua, macho ya Eliakimu yalifunguka kabisa, na Nikodemu akayaona, akajua samaki amemeza.

Aliporudi asubuhi iliyofuata na begi lake, alifanya kazi ambayo hakuwahi kuifanya tangu aanze udaktari. Mtu akitengeneza cha mwenzake hulipua kazi, lakini Nikodemu hakuwa anatengeneza cha mwenzake. Kichwani mwake mashine ile ilikuwa yake tayari, imewekwa juu ya meza ya fundi cherehani, na Mama Veneranda yuko mbele yake anatikisa kichwa kwa kuridhika. Kwa hiyo akajifanyia mwenyewe kwa mapenzi yote.

Akafungua kifuniko cha chini, akakuta vumbi la miaka, magamba ya samaki, na mende mmoja aliyefariki akiwa safarini. Akasafisha feni zote mbili kwa brashi, bawa kwa bawa. Akang'oa chuma cha kupozea, akafuta ile dawa ya zamani inayokaa kati yake na prosesa, ambayo ilikuwa imekauka kama ukoko wa ugali. Halafu akatoa kwenye begi sindano yenye dawa mpya ya kijivu, halisi, aliyoihifadhi kwa siku muhimu. Wateja wa kawaida aliwapakia dawa ya meno, ndiyo maana kompyuta nyingi za Mwanga zilikuwa na harufu nzuri ya kinywa na joto lilelile.

Akamaliza kwa kuitoa fahari ya mali zake: kigoda cha chuma chenye feni kubwa chini, cha kuinua laptop mgongo ili hewa ipite. "Hiki nakuazima tu," alimwambia Eliakimu.

Ndipo akawasha na kuanza kupandisha umeme. Hakupandisha kwa pupa. Akaongeza kidogo, akachezesha gemu ya magari, akasoma joto, akaongeza tena, kama mpishi anayeonja chumvi. Kizuizi cha kiwandani kilikuwa wati arobaini na tano. Alipofika tisini joto likaanza kuruka, akarudi themanini, likatulia. Eliakimu muda wote alisimama nyuma ya bega lake, akisinzia.

"Themanini," Eliakimu alisema kwa sauti ya mtu anayeota.

"Themanini, mzee. Usijali sana namba, hayo ni mambo ya kitaalamu."

Wavuvi wakaingia. Mbele yao alikuwa Barutwanayo, mtu mrefu aliyekulia ng'ambo ya Burundi, kiongozi wa kundi lake la mitumbwi na bingwa wa gemu ya mpira katika pwani ile. Akashika kidhibiti, akapiga pasi tatu. Hakuna picha iliyokwama. Mchezaji aligeuka alipoambiwa ageuke.

"Mana yanje," Barutwanayo alimwita Mungu wake kwa Kirundi, taratibu. "Kumbe siku zote nilikuwa sifungwi mimi. Ilikuwa inafungwa mashine."

Siku hiyo Eliakimu alitangaza mashindano ya Alhamisi mchana, kundi la mitumbwi dhidi ya kundi, na zawadi ikawa beberu. Nikodemu akarudi Mwanga amepanda bodaboda, anapiga mluzi. Sehemu ya kwanza ya mpango ilikuwa imekwisha, na ya pili ilikuwa rahisi zaidi.

Alhamisi kibanda kilifurika mpaka watu wakachungulia dirishani. Beberu alikuwa amefungwa nje kwenye nguzo, anakula bango la tangazo lake mwenyewe. Nikodemu aliomba dakika moja ya "kuiandaa mashine," na watu wakampisha kwa heshima wanayopewa madaktari. Akaondoa kigoda, akisema nacho kinahitaji kupumua. Akaingiza vidole chini ya laptop na kuziba matundu ya feni kwa kipande cha sponji alichokikata kwenye godoro lake asubuhi. Mwisho akapandisha umeme mpaka pale kipimo kilipogoma kuendelea. Akarudi kukaa benchi la nyuma, akakunja mikono.

Kipindi cha kwanza kilikwenda vizuri. Cha pili, Barutwanayo akiwa anaongoza na amebaki na golikipa peke yake, feni zikaanza kulia, zikalia zaidi, na televisheni ikawa nyeusi.

Nje beberu akasikika anatafuna karatasi.

Nikodemu akasimama, akapita katikati ya watu bila haraka. Akaweka sikio juu ya kibodi. Akaweka vidole viwili pembeni ya skrini, pale ambapo laptop ingekuwa na shingo. Akafumba macho kidogo, kisha akatikisa kichwa.

"Imetutoka," alisema.

Ambaye hajui kompyuta anapaswa kuelezwa hapa. Mashine ya namna ile ikizidiwa na joto hujizima yenyewe ili isiungue. Ukiiacha ikapoa kidogo, ukabonyeza kitufe, inaamka na kuuliza tulikuwa tumefikia wapi. Ujanja wote wa Nikodemu ulikaa katika muda huo mfupi wa kupoa. Maiti ilipaswa iondoke kibandani kabla haijapata nafuu.

"Mzee Eliakimu," alisema kwa sauti ya huzuni, "wewe tulia. Mambo mengine yote niachie mimi. Mwili nitaupeleka Mwanga mimi mwenyewe, leo hii, nikausitiri. Hata gharama nitakupa kidogo."

Eliakimu alikuwa amekaa chini sakafuni. Akavua kofia. "Mwili," alirudia. "Umesema mwili."

"Ndiyo, mzee."

"Na unataka kuuondoa leo, hivihivi, watu hawajakaa?"

Barutwanayo alikuwa ameshavua kofia yake, na nyuma yake wavuvi wote wakavua zao, maana ni watu waliolelewa. Mmoja akaenda kuzima redio ya jirani. "Wihangane, mzee," Barutwanayo alisema, akamshika Eliakimu bega, na wengine wakapanga mstari kumpa pole.

"Maiti hailazwi barazani," Eliakimu alisema, akiinuka kwa shida. Akatoa kanga ya manjano yenye korosho nyeusi, akaifunika laptop vizuri, akaibeba mikononi. "Ngoja niilaze chumba cha ndani. Kule kuna ubaridi."

Neno hilo lilimchoma Nikodemu kuliko mkuki. Ubaridi ndicho kitu pekee ambacho marehemu alikuwa anakihitaji ili afufuke.

"Mzee, tungewahi tu," alisema.

"Kuwahi wapi? Watu wanywe chai kwanza."

Ikaletwa birika. Watu wakakaa kwenye mabenchi na chini, wakanywa chai taratibu, kwa sababu hakuna mwenye haraka siku za mbalamwezi. Nikodemu alikaa karibu na mlango wa ndani. Laptop ile ilikuwa na mlio wake wa kuwaka, kengele moja ndefu ya furaha, na kila kijiko kilipogonga kikombe moyo wake uliruka. Ilitosha mtu mmoja mwenye udadisi aingie mle ndani na kubonyeza. Angeeleza nini? Kwamba marehemu amebadilisha mawazo?

Barutwanayo akaombwa atoe neno. Akasimama, akasafisha koo.

"Marehemu alikuja kwetu kutoka Bujumbura," alisema. "Hakuwa na maneno mengi. Mwanzoni alikuwa mzito, lakini siku zake za mwisho, tuseme ukweli, alikimbia sana. Labda alijua. Ameacha televisheni moja, mabenchi mawili, na goli langu ambalo halijaingia." Akafuta macho kwa kofia, akakaa.

"Sasa, mzee," Nikodemu akaingilia, "kuhusu ile gharama ya kunipa mwili."

Eliakimu akamtazama kwa mshangao wa polepole. "Nikuuzie maiti? Ndugu zangu watanionaje? Nakupa bure ukausitiri." Akapuliza chai. "Ila wewe ndiwe uliyekuwa daktari wake. Amefia mikononi mwako. Watu wanakutazama."

Na kweli walikuwa wanamtazama. Wavuvi wale walikuwa wameshachanga, mwenye sukari ameleta sukari, mwenye unga ameleta unga, na mikono ya daktari ilikuwa mitupu. Nikodemu akapiga hesabu ya haraka. Laptop nzima anaipata bure. Wamtake nini, shati? Akatoa ile sindano ya dawa ya kijivu, akaiweka kwenye sinia la rambirambi. Eliakimu akahema. Akaongeza brashi zake. Eliakimu akahema tena, kwa muda mrefu zaidi, huku akikitazama kigoda cha feni pale pembeni.

"Na kigoda," Nikodemu alisema. "Kibaki hapa, kiwe kumbukumbu."

"Mungu akuzidishie," Eliakimu alisema, akaingia ndani. Akakaa huko kidogo, akatoka na mwili umefungwa kwenye ileile kanga ya manjano, mafundo mawili juu.

"Tuage kwanza," Barutwanayo alisema, akinyoosha mkono kwenye fundo. "Nimwone uso."

Nikodemu aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Mtu akifungua atagusa, akigusa atabonyeza. "Hapana. Joto limeharibu sura yake. Mimi kama daktari nasema isifunguliwe. Mkumbukeni alivyokuwa."

Wakaafiki. Alipopakia mzigo mapajani juu ya bodaboda, wavuvi walisimama kando ya njia mpaka alipopotea. Alicheka kuanzia Ujiji mpaka Mwanga, kimyakimya, na dereva aliyehisi anavyotikisika mgongoni akampa pole.

Chumbani kwake akafunga mlango, akafungua mafundo, akaitazama. Mfuniko uleule mweusi, kibodi ileile, ukubwa uleule. Akasugua mikono, akabonyeza kitufe.

Kimya.

Akachomeka chaji. Kimya. Akajiambia bado ina joto, akaishika tumboni. Ilikuwa baridi, tena baridi ya kitu ambacho hakijaona umeme muda mrefu. Akachukua bisibisi, akafungua kifuniko cha chini. Hakukuta dawa mpya ya kijivu. Hakukuta sponji. Alikuta kutu, mchanga wa ziwani, na gamba la konokono mdogo lililokaa katikati ya feni kama mpangaji aliyelipa kodi.

Nikodemu akakaa kitandani. Katika maisha yake alikuwa ameua laptop nyingi na kuzifufua zote, lakini hii ilikuwa mara yake ya kwanza kukutana na iliyokufa.

Kurudi Ujiji kulalamika hakukuwezekana. Angesema nini? Kwamba mmenipa mashine mbovu, imekufa? Si yeye mwenyewe aliyetangaza kifo, mbele ya umati, akakataza hata jeneza lisifunguliwe? Wavuvi walilia pale. Alijilaza, akafikiria michikichi ya Simbo, mingi, imejipanga mistari mpaka upeo wa macho, na Leonia anatembea katikati yake na mtu mwingine. Machozi yakamtoka, na haya hayakuwa ya kazi.

Jumamosi aliiweka laptop ile juu ya meza ya fundi cherehani, akaifunika kanga yake, akapanga viti. Mpango wake ulikuwa kusema inapumzika.

Mama Veneranda akaja amevaa vitenge vya kwenda kanisani. Nyuma yake Leonia. Na nyuma ya Leonia, akiinamisha kichwa kupita mlangoni, mtu mnene mwenye macho ya usingizi.

"Shikamoo, mama," Nikodemu alisema, huku akimtazama yule wa nyuma.

"Marahaba. Huyu ni mdogo wangu, Eliakimu. Mjomba wake Leonia."

"Tunafahamiana," Eliakimu alisema kwa upole. "Alinizikia."

Mama Veneranda akakaa, akaitazama meza. "Kanga yangu hiyo," alisema. "Na kilichomo chini yake ni changu pia. Mimi na Eliakimu tulinunua mbili Bujumbura, pacha. Yangu ilinidondoka majini nikishuka boti Kagunga, mwaka juzi. Nilishindwa kuitupa, ilikuwa ghali, nikamwachia Eliakimu."

Nikodemu akamtazama Leonia. Leonia akatazama dari, mdomo umebanwa, mabega yanatikisika.

"Usimtazame yeye, mimi ndiye niliyemwambia akutajie," Mama Veneranda akaendelea. "Mdomo wako nilikuwa nimeshausikia, kijana. Unasikika mpaka Kagunga. Nilitaka kuona mikono. Eliakimu, sema."

"Mikono anayo," Eliakimu alisema. "Feni safi, dawa mpya, kigoda kinapuliza, picha hazikwami. Umeme nimeurudisha themanini, pale ulipouweka siku ile uliponitengenezea vizuri. Barutwanayo kamalizia goli lake, kachukua beberu. Kitu kimoja tu kilibaki ndani, nikaona si changu." Akaingiza mkono mfukoni, akaweka mezani kile kipande cha sponji. "Godoro lako lisije likapungua."

Nikodemu alitamani sakafu ifunguke. Alitafuta uongo, wowote, hata mdogo, na kwa mara ya kwanza hakuupata.

"Nampenda Leonia, mama," alisema. "Hilo sikulibuni."

"Hilo nalijua, ndiyo maana niko hapa na si Simbo." Mama Veneranda akaisukuma ile laptop kwake, kanga na vyote. "Kibao chako kinasema unafufua. Haya, fufua. Siku ikiwaka, lete wazee wako tuongee."

"Lakini mama, hii imekufa kweli."

"Kumbe tofauti unaijua," Mama Veneranda alisema, akasimama, akajitengeneza kitenge.

Ukifika Kibirizi mwezi huu utamwona. Yuko kwenye chanja ya mwisho, karibu na maji, na pembeni ya dagaa amepanga vipande: ubao wa umeme, feni, kibodi, chuma cha kupozea. Anasugua kutu kwa spiriti na mswaki, anaanika, anafukuza kunguru. Wanawake wa dagaa wamemzoea na wanamtuma maji. Barutwanayo, akienda kupakia taa mtumbwini, humpigia kelele kutoka mbali, "Daktari, mgonjwa vipi?" Eliakimu naye amepita mara moja, akamweleza kwa kirefu jinsi mashine yake isivyopata joto, akamwombea baraka.

Juzi Nikodemu aliunganisha vipande vyote, akachomeka chaji kwenye umeme wa jua wa jirani. Taa moja ndogo ya chungwa ikawaka pembeni. Kisha ikazimika.

Mama Veneranda akatokea na karai lake kichwani. "Imewaka?"

Kulikuwa na majibu mengi mazuri. Nikodemu aliyaona yote yamejipanga, yamevaa vizuri, yanasubiri aite moja.

"Taa iliwaka," alisema. "Ikazimika."

Mama Veneranda akamtazama kwa muda, maana hakuwahi kumsikia akisema kitu kifupi namna ile. Akashusha karai, akagusa ubao kwa kidole, akanusa kidole.

"Bado ina maji," alisema. "Igeuze upande wa pili. Na hao dagaa wa pembeni, wageuze pia."